Maswali Yenu: Umehama bila notisi, diposi ni ya nani?

Barua za wiki hii karibu zote zina kilio kimoja: mtu amehama, diposi haijarudi. Tujibu.

Nilihama bedsita (nyumba ya chumba kimoja) Ruiru tarehe 12 Machi bila notisi. Kodi ni 9,000 na Machi nilikuwa nimelipa. Diposi ilikuwa ya miezi 2. Landlodi anasema yote imeenda. Ni haki?

Si haki. Asiyetoa notisi hapotezi diposi, anadaiwa kodi ya kipindi cha notisi, basi. Soma mkataba wako. Mingi husema notisi ya mwezi mmoja, au kodi ya mwezi mmoja badala yake. Kama wako unasema hivyo, akikata 9,000 yuko sawa. Zile 9,000 nyingine ni zako, ukitoa bili za maji na stima na kitu ulichovunja kweli.

Kama hamkuandikiana, kuna Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 57: notisi isipungue kipindi cha upangaji (mwezi, kama kodi ni ya kila mwezi), na iishe siku ya kulipa kodi. Hapo kwenye kuisha ndipo watu huumia. Ukiandika notisi tarehe 12 Machi na kodi hulipwa tarehe 1, haiishi tarehe 12 Aprili. Inaisha tarehe 1 Mei, na Aprili nzima iko juu yako. Ungeiandika kabla ya Machi kuanza, ungetoka mwisho wa Machi bila deni.

Uliza majirani pia nyumba iliingiwa lini. Kama mtu alihamia wiki ya kwanza ya Aprili, landlodi aeleze hasara yake ni ipi. Hoja hiyo haishindi kila mara, hasa mkataba ukitaja kodi badala ya notisi, lakini kwenye mazungumzo ina uzito.

Naweza kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa, wakate kwa diposi?

Hapana. Swali hili hurudi kila mwezi kama bili ya takataka. Usipolipa una malimbikizo ya kodi, na kwa malimbikizo unaweza kuletewa dalali wa kukamata mali yako. Landlodi akikubali mfanye hivyo, aandike.

Nilimwambia keateka mapema kwamba nahama. Ajenti anasema hakupata notisi.

Keateka hufagia ngazi na kufungua geti, notisi si kazi yake. Mkinisoma mnajua nitasema nini: andika. Karatasi moja yatosha: jina lako, namba ya nyumba, tarehe ya leo, tarehe ya kutoka, namba ya simu ya kurudishiwa diposi. Toa nakala mbili, ajenti agonge muhuri na tarehe kwenye yako. Akikataa kupokea, mtumie picha ya karatasi hiyo kwa WhatsApp siku hiyo hiyo na usifute ujumbe.

Wamenikata 14,000 za rangi kwa bedsita. Nilikaa miaka 3.

Kama ulitia saini kwamba utaacha nyumba imepakwa rangi upya, rangi ni juu yako. Kama hukutia saini, rangi iliyofifia kwa miaka 3 ni uchakavu wa kawaida. Matundu ya misumari ya TV na michoro ya crayoni ni yako.

Ila hata anayedaiwa asidanganywe hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, kuta za mita 2.4, ukitoa mlango na dirisha, kina kama mita 30 za mraba. Ukipaka mara mbili ni mita 60. Lita moja ya emalshani, rangi ya ukutani, hufunika karibu mita 10, kwa hiyo ni lita 6. Anayekuonyesha risiti ya ndoo ya lita 20 anapaka na chumba cha jirani kwa pesa zako. Dai risiti ya rangi na ya fundi. Na siku ya kuingia kwenye nyumba yoyote, piga picha kila ukuta, sinki na kitasa kabla godoro halijashuka kwenye gari.

Ajenti hashiki simu tena. Nifanye nini?

Mwandikie barua ya madai, umpe siku 14, utaje kiasi na uambatanishe ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipolipa diposi. Zikipita, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Mshtaki mwenye nyumba pamoja na ajenti, la sivyo watasukumiana. Madai ya mkataba hudumu miaka 6, lakini usingoje: ajenti hubadilisha ofisi mara nyingi kuliko wewe unavyobadilisha laini.

Nina deni la mwezi mmoja, landlodi ameweka kufuli lake mlangoni, vitu vyangu viko ndani.

Deni ulipe. Kufuli ni kosa lake. Anayetaka mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi hutumia dalali mwenye leseni, na anayetaka kumtoa huenda mahakamani. Piga picha ya kufuli na mlango, ripoti kituo cha polisi na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Usilivunje mwenyewe.