Umeme ukikatika, Pi yangu inabaki jana

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Hombolo hapa Dodoma, nina kashamba ka zabibu, nimefunga Raspberry Pi 4 (kile kikompyuta kidogo) inasoma joto na unyevu wa udongo kila dakika 10, intaneti hakuna mpaka niende na simu niwashe hotspoti. Sasa umeme ukikatika usiku ukarudi asubuhi, rekodi zinaandika bado usiku. Alafu hata siku za kawaida naona iko nyuma masaa 3. Jamaa kaniambia ninunue GPS, ni kweli?

JIBU: Pole mkulima. Hilo la masaa 3 ni dogo, Pi inasoma UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele masaa 3, andika sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam imeisha hiyo. Usihangaike kutafuta Africa/Dodoma, serikali imehamia huku ila kwenye orodha ya majira ya saa bado ni Dar tu.

La umeme ndo lenyewe. Pi 4 haina saa yenye betri kama laptop, ina kiprogramu fake-hwclock kinachoandika saa kwenye memori kadi kila lisaa, ikiwaka inaendelea pale ilipoishia, haijui ililala muda gani, kwa hiyo umeme ukienda saa 4 usiku ukarudi saa 12 asubuhi yenyewe inajua ni saa 4 au hata kasoro. Mjini ingeuliza intaneti, huko shambani itamuuliza nani?

GPS inatoa saa sahihi kweli, ila kwa joto la udongo ni kukodi trekta ulime tuta la mchicha. Chukua moduli ya saa ya DS3231 na kibetri cha CR2032, itaendelea kuhesabu hata umeme ukikatika. Hii inapima joto lake yenyewe na kujirekebisha, kosa lake halizidi kama dakika moja kwa mwaka. DS1307 ni rahisi lakini iache, haijirekebishi, na kwa jua letu la mchana na baridi ya Julai usiku itayumba tu.

Waya: pini 1 umeme, 3 SDA, 5 SCL, 6 graundi. Umeme uwe wa volti 3.3, SIO 5, moduli nyingi za bei poa zina sakiti ya kuchaji na CR2032 haichajiwi, inaweza kuvimba. Kwenye config.txt ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, toa fake-hwclock, riboot, washa hotspoti, saa ikishakaa sawa piga sudo hwclock -w ili iandikwe kwenye moduli.

Rekodi za zamani usifute. Tafuta pale ulipowasha hotspoti, saa itakuwa imeruka ghafla, pima imeruka kiasi gani uongeze kwenye mistari yote kurudi hadi umeme ulipokatika mara ya mwisho. Kama kabla ya hapo ulikatika tena, za huko nyuma ndo hazina dawa.