Kifundo cha mguu hupimwa kabla ya kuwasha mionzi

Wanafunzi wanaokuja kujifunza kupima mwendo wa mifupa ya wayo huanza kuniuliza habari za mashine: inapiga picha ngapi kwa sekunde, programu gani ni nzuri. Mimi huwarudisha kwenye mfupa mmoja, talasi.

Talasi imebanwa kati ya mfupa wa ugoko kwa juu na mfupa wa kisigino kwa chini. Hakuna msuli hata mmoja unaojishikiza juu yake, na zaidi ya nusu ya uso wake ni gegedu. Husogea kule inakosukumwa na majirani zake. Sasa jaribu kuufuata mfupa huo kwa alama za kung'aa zinazobandikwa ngozini na kufuatwa na kamera, kama nilivyofanya miaka yangu ya mwanzo. Huwezi, maana hakuna mahali pa kuibandika alama ukasema hii ni ya talasi. Hata kisiginoni, ambako mfupa uko karibu, mtu akikanyaga utaiona ngozi ikiteleza huku mfupa ukibaki nyuma. Wayo una mifupa 26, na kamera zile zilinilazimisha kuihesabu kama vipande viwili au vitatu tu.

Ndiyo sababu nilihamia kwenye eksirei za pande mbili. Kwanza unapata umbo la kila mfupa kwa CT, yaani skana ya eksirei inayotoa umbo la pande tatu. Kisha mtu anatembea katikati ya mitambo miwili ya fluoroskopia, yaani eksirei ya picha mfululizo kama video, inayompiga picha kwa wakati mmoja kutoka pembe tofauti. Baadaye programu inachukua ule mfupa wa CT, inautupia kivuli cha kubuni kwenye picha zote mbili, na kuugeuzageuza mpaka kivuli hicho kilale juu ya kivuli halisi. Ukipanga kazi vizuri, kosa hushuka chini ya milimita moja. Lakini usiamini hivyo kwa sababu umesoma mahali. Mwaka 1974 Göran Selvik wa Lund, Sweden, aliandika tasnifu kuhusu kupandikiza vishanga vidogo vya metali ya tantali ndani ya mfupa na kuvifuata kwa eksirei mbili, na mpaka leo vishanga hivyo ndivyo mizani yetu. Tia vishanga kwenye mfupa wa maabara, uusogeze kwa kipimo unachokijua, uone mtambo wako mwenyewe unasemaje. Fanya hivyo kabla binadamu hajaingia chumbani.

Sasa nieleze kilichonigharimu miezi kadhaa. Tulikuwa na mshiriki ambaye, kwa tarakimu zetu, kisigino chake kilikuwa kimejipinda nyuzi 4 zaidi ya tulivyopata awali, kwa picha zilezile. Mchoro wa mwendo wake ulikuwa na umbo lilelile, panda shuka zake zilezile, ila wote umehamia juu. Tulikagua mitambo, tukarudia kulinganisha vivuli, hatukuona kasoro. Kumbe mara ya kwanza mhimili wa mfupa wa kisigino, yaani mstari wa kubuni tunaopimia pembe zake, nilikuwa nimeuchora mimi, na mara ya pili aliuchora mwenzangu. Mfupa ule umevimba huku na kubonyea kule. Sehemu ya nyuma kabisa mimi niliiona hapa, yeye akaiona pale. Hakuna aliyekosea. Hatukuwa tumekubaliana, basi.

Kwa hiyo andika kanuni ya mihimili yako kwenye karatasi kabla ya picha ya kwanza. Jumuiya ya Kimataifa ya Biomekanika ilitoa mapendekezo ya kifundo mwaka 2002. Anzia hapo, ujue tu kwamba yanazungumzia ugoko na kisigino, na talasi utalazimika kuiwekea kanuni mwenyewe. Ukiweza, acha kompyuta ichore mhimili kutokana na umbo la mfupa, mkono wa mtu usiingie. Andika pia utaratibu wa kupanga mizunguko ya mfupa kwenye mihimili hiyo, upi kwanza upi baadaye, maana ukiubadilisha na pembe zinabadilika.

Na sifuri yako, yaani mkao unaoanzia kuhesabu pembe, ni ipi? Wengi huchukua mtu akiwa amesimama wima, wakaiita hiyo sifuri na kupima mabadiliko tu. Njia hii inafuta ugomvi wa mihimili, naipenda. Ila ukiwa na mgonjwa mwenye wayo bapa, kupinda kwake kumo ndani ya kule kusimama, nawe umekufuta kwa mkono wako. Mimi huhifadhi hesabu zote mbili. Usichukue kamwe sifuri kwenye CT ya mtu aliyelala, kwani mguu usiobeba uzito hupanga mifupa yake kivingine. CT hiyo ni ya umbo tu. Siku hizi kuna skana ambazo mtu huingia akiwa amesimama, ukiipata, itumie.

Jambo la kutembea halipewi uzito unaostahili. Eneo linaloonekana na mitambo yote miwili ni dogo, pengine wayo mmoja tu unatosha. Mwambie mtu akanyage pale, naye ataangalia chini, atafupisha hatua, na wewe utapima mtu anayelenga shabaha. Usimwambie. Mwache atembee mara nyingi mionzi ikiwa imezimwa, wewe ukisogeza alama ya kuanzia mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka mguu uangukie mahali pake wenyewe. Yeye aangalie ukutani. Nina msimamo mkali hapa kwa sababu kila jaribio lililoharibika ni mionzi aliyopewa mtu bure. Wayo hauna viungo vinavyodhurika upesi na mionzi kama vya tumboni, lakini hilo halitupi ruhusa ya kuipoteza.

Mwisho, keti na picha. Programu itakupa jibu kwa kila picha hata pale isipoona kitu. Kuna wakati mguu wa pili unapita mbele ya mtambo mmoja, na vivuli vya miguu miwili vinakuwa doa moja jeusi. Mfupa wa nje wa kifundo nao huifunika talasi vibaya katika pembe fulani. Pita picha moja moja, tafuta ukingo wa mviringo wa juu wa talasi, uone kama mfupa wa kompyuta umeukalia sawasawa pande zote mbili. Usipouona ukingo huo kwa macho yako, acha pengo kwenye mchoro, na useme kwenye ripoti kwamba hapo pana pengo.