Pagale la Kibamba na mke aliyeko Mwanza

SWALI
Shikamoo Mama. Mimi na mume wangu tumepanga Segerea, vyumba viwili na sebule, laki tatu kwa mwezi, na mwenye nyumba anadai ya miezi sita kwa mkupuo. Tumejibana mpaka tumefikisha milioni 30. Dalali katuonyesha pagale Kibamba, ndani kidogo kutoka barabara ya Morogoro. Limeshaezekwa, ila halina dari, milango wala umeme. Kiwanja ni 20 kwa 25, bei milioni 28. Muuzaji ana haraka, anasema anauguza. Karatasi aliyonayo ni ya mauziano ya 2011, ina mhuri wa serikali ya mtaa. Mkewe yuko Mwanza, anasema hana tatizo. Mume wangu anauza dukani Kariakoo, mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku. Tulipe? Na tukishalipa, tuanze na dari au uzio?
Mama Pacha, Segerea

JIBU
Marahaba, Mama Pacha. Wiki hii usitoe hata shilingi, na dalali akikuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu, mwambie amkaribishe. Huyo mteja yuko njiani tangu enzi za ujana wangu.

Kibamba penyewe sipapingi. Stendi ya mabasi ya mikoani iko Mbezi Luis tangu 2021 na barabara ya kwenda Kibaha imepanuliwa. Kilichonishtua ni huyo mke. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, na "hana tatizo" inayotoka kinywani mwa mume si ridhaa. Atakwambia pagale halijawahi kulalwa na mtu, kwa hiyo si nyumba ya ndoa. Huo ubishi waachie mawakili, wewe usinunue kesi. Mama huyo aende kwa wakili hukohuko Mwanza, asaini, karatasi iletwe. Kama kweli hana tatizo, ni kazi ya siku mbili. Na kabla ya hapo mpigie simu wewe mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, umsikie anavyoitikia.

Kuhusu ule mhuri: unaonyesha kwamba watu wawili waliuziana mbele ya kiongozi wa mtaa, basi. Hausemi kama eneo limepimwa, wala kama kwenye ramani ya mipango miji hapo ni makazi au ni barabara. Nenda idara ya ardhi, manispaa ya Ubungo, uwaulize hilo. Wakikupa namba ya kiwanja na kitalu, omba upekuzi kwa msajili wa hati ujue jina la nani limeandikwa na kama kuna mkopo juu yake. Hiyo "ndani kidogo" nayo mpimaji aipime. Mwaka 2017 hifadhi ya barabara ya Morogoro upande huo ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati, na nyumba zilizokuwa ndani yake, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilivunjwa. Wenyewe nao walikuwa na karatasi.

Sasa nikupe yangu. Mwaka 2008 nilinunua Goba, mwezi wa nane, ardhi kavu, upepo mzuri, nikauliza kila kitu isipokuwa maji ya mvua yanapita wapi. Masika yalipokuja nikajua: yanapita kwangu. Korongo limeshakula mita tatu za uwanja na mwembe mmoja, na viroba vya mchanga nilivyopanga pale ningevijengea banda la kuku. Kwa hiyo nendeni siku mvua inanyesha, mkiwa mmevaa viatu vya kuchafuka. Halafu mume wako atoke pale saa kumi na moja alfajiri hadi Kariakoo, siku ya kazi, siyo Jumapili na gari la dalali. Wewe nenda jioni ile saa yako ya kuingia zamu, uone bodaboda wanataka ngapi na njia ina taa au haina. Jirani muulize maji ya bomba yanatoka siku ngapi kwa wiki. Jirani, tofauti na dalali, hana kamisheni ya kupoteza.

Bei hiyo siipendi. Mwenye haraka ni yeye, na mkitoa 28 mnabaki na mbili, ambazo haziwahamishi Segerea. Anzeni na 22.

Dari au uzio? Hakuna kati ya hivyo. Choo kwanza, kisha nondo za madirisha, milango miwili ya nje, tenki la maji na umeme. Sisi tulilala chini ya bati tupu miaka mitatu. Mvua ikinyesha redio tulikuwa tunaizima tu.