Kabla Hujaniuliza Lensi, Niambie Umesafisha Picha Ngapi

Kuna kijana wa Mbagala kanitumia meseji wiki iliyopita, ndefu kweli, kanieleza alivyodunduliza hela mpaka kapata kamera ya mtumba, Canon 1300D na ile lensi yake ya 18-55, sasa anauliza aongeze lensi gani ili picha za watu zitoke kama zangu. Meseji za namna hii napata nyingi na mara nyingi najibu kwa kifupi, ila hii nimeona niijibu hapa maana najua wengi mnaonisoma mnataka kitu hicho hicho, mnataka mfike mahali mtu akiona picha aseme hii ni ya fulani kabla hajasoma jina.

Lensi naitaja mapema tuachane nayo. Tafuta 50mm ya f/1.8 (yaani tundu lake la kuingizia mwanga linafunguka sana), ile ya Canon inayoitwa STM iliyotoka 2015, ni ndogo, nyepesi, bei yake ya kibinadamu, na kwa bodi ya kropu kama hiyo, yaani kamera yenye sensa ndogo, inavuta kama 80mm, ambayo ni nzuri sana kwa sura ya mtu. Haya, imeisha.

Sasa tuongee kitu chenyewe. Mdogo wangu, zile picha zangu unazozipenda hazikutoka kwenye lensi, zimetoka Feri, soko la samaki la hapa Dar, na zimetoka pale baada ya watu wa pale kunikubali.

Nilianza kwenda Feri asubuhi kabla ya kazi, wakati boti zinaingia na mnada unaanza, wale madalali wanapaza sauti, jodari wamelazwa kwenye sakafu, huku pweza, kule changu, watu wamebeba ndoo kichwani wanakupiga kikumbo na hawana muda na wewe. Mwanga wa pale asubuhi jamani, nikiuongelea naweza nisimalize. Dar tupo kama nyuzi saba tu kusini mwa ikweta kwa hiyo jua letu halizunguki zunguki, likichomoza linapanda moja kwa moja, na ule mwanga laini wa dhahabu unaouona saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa mbili haupo tena. Mwezi wa kumi na mwanzoni mwa mwezi wa tatu ndo kabisa, saa sita mchana jua linasimama utosini, kivuli chote kiko chini ya miguu na macho ya mtu yanakuwa mashimo meusi. Mtu anatoka nyumbani saa nne na kamera yake halafu anasema lensi haifai. Lensi inafaa, amka mapema. (Na kwa vile Feri iko jirani kabisa na Ikulu ya Magogoni, kamera yako iangalie sokoni na baharini, upande ule usiulenge hata kwa utani.)

Pale kuna mama mmoja anakaanga samaki, moshi umemzunguka, kanga kajifunga kichwani, sura yake ina nguvu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nikamwamkia, nikaomba, akaniruhusu, nikapiga. Nikiwa naondoka akasema kwa sauti wenzake wasikie, "Nyie mnatupiga picha mnaenda kutuuza." Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilitembea na ile kauli mpaka Posta, nikapanda gari nayo, nikaenda nayo kazini. Maana nilikuwa nimeomba ruhusa kwa adabu zote, kumbe kwake ruhusa siyo mwisho wa habari, anajua kuna kitu kimeondoka pale alipokaa na hakitarudi.

Nikaenda Kariakoo nikasafisha ile picha kwenye karatasi, saizi kubwa kidogo, hela yake haikufika hata ya nauli ya mjini na soda. Nikampelekea. Alifuta mikono kwenye kanga, akaishika kwenye kona, akaiangalia muda mrefu, akawaita wenzake wa meza za jirani, kisha akanigeukia akauliza, "Na mwanangu je?" Kuanzia siku ile nikawa mpigapicha wao. Nikisogea mahali mtu akikunja uso mama anamwambia kwa mbali, mwache huyo, huyo analeta.

Huyo analeta! Mimi sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na nasema kwa moyo wangu wote.

Kulikuwa na mzee mmoja wa boti hakutaka kabisa kupigwa. Kila nikipita namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, basi, tumemaliza. Baada ya kuona wenzake wanapata picha akaniita pembeni akaniambia kwamba picha pekee aliyonayo ya utu uzima wake ni ile ya kwenye kitambulisho cha NIDA na haipendi, anataka ya kwake. Mimi kichwani nikaona nyavu, boti, mikono yenye makovu ya kamba, unajua tena picha ambazo sisi tunazitaka. Yeye akasema hapana, kwa nguo za kazi hapana, uje nyumbani Ijumaa baada ya swala. Nikavuka na kivuko mpaka Kigamboni, nikamkuta kavaa kanzu nyeupe na koti na kofia yake, kakaa kwenye kibaraza kanyooka. Jua lilikuwa kali kweli, lakini kibaraza kina kivuli, nikamgeuza kidogo uso uangalie nje kunakotoka mwanga, nikasogea, tukaongea kuhusu kusi na kaskazi na bei ya mafuta ya injini, na katikati ya maongezi nikapiga. Ile ndo picha yangu bora. Haijapata laiki nyingi huko mtandaoni, watu wanapenda za boti na machweo, ila iko ukutani kwake sebuleni kwenye fremu, wajukuu wanaiona kila siku, na mzee mwenyewe ndo aliyechagua aonekane vipi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, wa pili na wa tatu, msikilize mtu anataka aonekaneje. Na kivuli cha kibaraza mchana kinashinda studio nyingi.

Sasa hili linalofuata bado linaniuma na naliandika kwa sababu vijana mnatakiwa mlijue.

Picha ya yule mama mkaanga samaki nilikuwa nimeiweka mtandaoni. Kuna kampuni, siitaji, waliichukua humo, wakakata jina langu lililokuwa kwenye kona, wakaiweka kwenye kalenda yao ya mwaka. Sikuiona mimi. Aliiona mteja wa mama, akamletea pale pale kwenye karai. Mama akanipigia simu, sauti yake ilikuwa ya chini tu, akasema, "Mwanangu, kumbe na wewe."

Nilihisi ardhi imeondoka. Nilienda siku ile ile, nikamwonyesha kila kitu, faili langu la RAW, yaani lile halisi linalotoka kwenye kamera kabla ya kuguswa, lenye tarehe, barua pepe niliyowaandikia wale jamaa, na jibu lao kwamba picha ilikuwa mtandaoni kwa hiyo ni ya watu wote na mimi nishukuru nimetangazwa. Nimetangazwaje na jina mmelikata? Mpaka leo sijalipwa, sijaombwa radhi, na mama hajapata hata nakala ya kalenda yenye sura yake. Ila mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kama ungekuwa unaniuza usingekuwa unaniletea. Zile karatasi nilizokuwa nampelekea ndo zilinisemea, maneno yangu yasingetosha.

Kwa hiyo weka mafaili yako halisi, usifute, weka nakala kwenye diski nyingine maana memori kadi haina urafiki na mtu. Na jueni kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha, kazi ni yako tangu ulipoipiga, mtu kuikuta mtandaoni hakumpi umiliki, na ukiisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unakuwa na ushahidi mkononi siku ya ugomvi. Msinyamaze. Wanategemea tunyamaze. Halafu na sisi wenyewe tusiwafanyie wale tunaowapiga kile ambacho hatutaki tufanyiwe, mtu hawezi kulia ameibiwa picha wakati simu yake imejaa sura za watu ambao hawajawahi kuona hata moja.

Nikienda Unguja, pale Mji Mkongwe, lazima nipite Capital Art Studio, studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Ukutani kuna picha nyeusi na nyeupe za Zanzibar ya zamani, watu wamevaa wakapendeza, mitaa, majahazi, na kila nikisimama mbele yake nafikiria kitu kimoja, hizi tunaziona saivi kwa sababu kuna mtu alizisafisha kwenye karatasi. Sisi picha zetu zipo kwenye simu, simu inachomolewa kituoni Kimara, harusi ya dada yako imekwenda nayo. Jamani safisheni picha!

Vitu vidogo vidogo nimalizie. Joto la Dar lina unyevu na lensi inaota fangasi ndani, hasa ikikaa kabatini kwenye begi miezi na miezi, weka kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na itumie, lensi inayotumika haioti kirahisi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi acha kamera kwenye begi kwanza ipate joto la nje, la sivyo kioo kitafunga ukungu na mnada utakupita. Ukitoka ufukweni futa chumvi siku hiyo hiyo.

Na ukisafisha picha ya mtu, kabla hujampelekea, igeuze nyuma uandike jina lake kama yeye mwenyewe anavyolitamka, mahali, na mwaka. Tumia penseli laini na usikandamize, wino unaweza kupenya ukatokea upande wa sura.