Lipu ya kanisa kongwe inabanduka

SWALI: Kanisa letu la mawe lina zaidi ya miaka mia. Ndani, lipu inabanduka kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Tumeipiga upya kwa saruji mara mbili, na bado inadondoka. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa ni hiyo saruji. Kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa, mara nyingi bila tabaka la kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta. Saruji huyaziba, yakapanda juu zaidi, na chumvi inayoganda nyuma ya lipu huisukuma mpaka ibanduke.

Anzeni nje: zibueni mifereji ya paa, na kama udongo umepita usawa wa sakafu ya ndani, uchimbeni ushuke. Bila hivyo, kazi ya ndani ni bure.

Kisha bandueni saruji kwa tindo na nyundo, hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Lakini kwanza kwangueni sehemu ndogo. Chini ya chokaa huenda mna michoro ya kale. Mkiona rangi, simameni, iteni mtaalamu.

Chumvi ipigwe brashi kavu, isioshwe. Ukuta mnene hukauka kwa miezi mingi, na hapa ndipo kamati nyingi hukosa subira. Lipu mpya: chokaa kipimo 1, mchanga safi vipimo 3, kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe magunia mabichi lisikauke haraka. Juu yake pakeni chokaa, si rangi ya plastiki.