Maswali ya Jukwaani: Mwongozaji, Taa na Deni

*Robert Wilson wa Marekani aliongoza michezo, alichora, alibuni taa na kuunda sanamu. Mtu mmoja aliwezaje yote hayo? (Msomaji, Mafinga)*

Wilson, aliyezaliwa Waco, Texas, mwaka 1941 na kufariki Julai 2025, alisomea usanifu wa majengo katika Taasisi ya Pratt, New York, na ndiyo maana alipofika jukwaani alianza na nafasi na mwanga, maneno yakafuata baadaye. Alipokuwa kijana alisumbuliwa na kigugumizi, akasaidiwa na mwalimu wa dansi, Byrd Hoffman, aliyemfundisha kupunguza kasi. Mwendo huohuo wa polepole ukawa alama ya kazi zake, ambamo mwigizaji huweza kutumia dakika nyingi kuvuka jukwaa. Mwaka 1993 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya uchongaji katika maonyesho ya sanaa ya Biennale ya Venice, Italia. Fani zake zilikuwa nyingi kwa majina tu, kwa sababu zote zilihusu kupanga kile ambacho jicho litaona. Hapa Mbeya tuna vijana wanaojiandika "msanii wa fani nyingi" kwenye mabango ilhali hawajawahi kufunga taa hata moja.

*Je, mchezo unaweza kuchukua saa tano bila mapumziko? (Tukuyu)*

Unaweza. *Einstein on the Beach*, opera ambayo Wilson aliiunda pamoja na mwanamuziki Philip Glass na kuonyeshwa kwanza Avignon, Ufaransa, mwaka 1976, ilichukua takriban muda huo, na watazamaji waliruhusiwa kutoka na kurudi wapendavyo. Anayeshangaa hajawahi kukesha ngomani.

*Nifanye nini ili niwe maarufu haraka? (Mwanjelwa)*

Umekosea mlango. Barua za namna hii sitazijibu tena.

*Kazi hii inalipa? (Njombe)*

*Einstein on the Beach* ilipofika Metropolitan Opera, New York, Novemba 1976, ukumbi ulijaa, lakini kundi likabaki na deni, na Glass akarudi kuendesha teksi. Kwa hiyo andikeni mkataba kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi, mkitaja nani atalipwa kiasi gani, na maleba yatabaki kwa nani. Urafiki haujawahi kulipia ukumbi.

*Watazamaji walisema hawakuuelewa mchezo wetu, nikawajibu kwamba ni wa majaribio. Nilikosea? (Iringa mjini)*

Ulikosea, na si wewe peke yako. Anayejaribu huwa na jambo mahususi analolijaribu. Mwandishi wa tamthilia wa Tanzania, Ebrahim Hussein, katika *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, zilizochapishwa mwaka huohuo wa 1976, aliirudisha tamthilia kwa fanani mmoja anayesimulia kama mtambaji wa ngano. Wewe ulijaribu nini? Ikiwa jibu ni kwamba waigizaji hawakukariri, huo ni uzembe.

*Nataka kuigiza habari za Mkwawa kwa mwanga na sauti, bila mazungumzo. Itafaa? (Kalenga)*

Inafaa sana, kwa kuwa vita ya Lugalo ya Agosti 1891, ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani, imesimuliwa kwa hotuba hadi masikio yamechoka, na ukimya unaweza kuirudishia uzito. Lakini waone wazee kwanza: fuvu la Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na kuhifadhiwa hapo kwenu ni la marehemu mwenye ukoo, usilifanye kifaa cha jukwaani. Fanyeni pia mazoezi kwa karabai, maana umeme hukatika. Tena usipange onyesho la nje usiku wa Juni au Julai. Hadhira ikikimbia baridi, utajidanganya kwamba imeshindwa kukuelewa.