Muulize Shangazi Msafiri: Puri siku ya Rath Yatra

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nasoma uuguzi Bhubaneswar, India. Rafiki yangu wa chumba kimoja anataka nimfuate kwao Puri siku ya Rath Yatra, ile sikukuu ya Wahindu ya kukokota magari ya miungu barabarani, twende asubuhi turudi usiku. Mama yangu kaona video za ule umati, anasema nisithubutu. Tena mimi Mwislamu, nachelea kufukuzwa. Niende?
Binti wa Tanga, Bhubaneswar

JIBU: Marahaba mwanangu. La dini kamuulize shehe wako. Mimi nitakujibu la barabara, maana nilisoma hapo hapo Bhubaneswar, na mwaka 2013 nilikwenda Puri na ndara mbili nikarudi bila hata moja.

Kufukuzwa hufukuzwi. Ndani ya hekalu la Jagannath ndiko wasikoingia wasio Wahindu, na kwa hilo hawamwonei mtu haya: mwaka 1984 walimkatalia Indira Gandhi, waziri mkuu mzima, kwa sababu aliolewa na Mparsi, mtu wa dini nyingine. Lakini siku hiyo miungu wenyewe wanatoka nje, na barabarani hakuna anayekuuliza dini. Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, sanamu za mbao, hubebwa wakiyumbishwa mbele na nyuma mpaka kwenye magari yao matatu makubwa ya mbao. Magari hayo huundwa upya kila mwaka. La Jagannath lina magurudumu 16, la kaka 14, la dada 12, na kila gurudumu linampita mtu mzima kimo. Mfalme wa Puri anapanda na ufagio wa mpini wa dhahabu, anafagia mwenyewe. Ndipo watu wanashika kamba na kuyakokota kilomita 3 hivi hadi hekalu la Gundicha.

Nilichokuwa sikutegemea ni vigelegele. Upatu wa shaba unagongwa mpaka kifua kinatetema, halafu Jagannath akatokeza langoni, na wanawake wote wa Bada Danda, ile barabara kuu, wakapiga vigelegele. Wao wanaita hulahuli. Mwanangu, nilifumba macho nikadhani bibi harusi anatolewa Ngamiani! Mama mmoja mzee pembeni yangu aliniona nacheka, akaniashiria na mimi nipige. Nikapiga. Akanishika mkono, hakuuachia mpaka gari la tatu lilipoanza kwenda.

Sasa la usalama, na hapo mama yako hajakosea. Mwaka 2025 watu 3 walikufa kwa kukanyagana karibu na hekalu la Gundicha. Kwa hiyo kamba usiiendee. Najua utatamani, ni kamba ya usumba nene kama paja la mtoto, na kila mtu anataka kuigusa hata kwa kidole. Mimi niliigusa. Ilipokazwa umati ulininyanyua, hatua kumi hivi miguu yangu haikugusa chini, na ndara ndipo zilipobaki. Baada ya hapo nikalipia nafasi juu ya dari la duka moja. Nafika juu, nafasi yangu imeshauzwa kwa watu wengine wawili, na mwenye duka haonekani. Nyinyi mna wenyeji, basi kaeni kwa ndugu wa huyo rafiki yako. Kama nyumba yao haiko barabara kuu, simameni kwenye mdomo wa kichochoro, mgongo ukiwa upande wa kutokea.

Tokeni na treni ya alfajiri. Ni kilomita 60 tu, lakini magari yanazuiwa mbali na mji, mtatembea. Msimu ni Juni au Julai, wanafuata mwezi kama sisi: jua kali, jasho, mara mvua. Wazima moto wanawamwagia watu maji kwa mipira, ukilowa shukuru. Kunywa madafu, yapo tele. Usipange saa ya kuanza, maana magari ya miungu huenda yatakapo: yanakwenda kidogo, yanakwama, yanasukumwa, na giza likiingia yanalala pale pale njiani mpaka kesho. Ukiona gari moja likipita mbele yako umeshaona Rath Yatra, rudi zako.

Mbebee mama khaja: ni unga uliokunjwa tabaka juu ya tabaka, ukakaangwa ukachovywa shira. Inakaa siku nyingi haiharibiki, ila nunua dukani, ya barabarani ina vumbi.

Vaa viatu vya kufunga kamba. Na mama mpigie mkiwa bado kwenye treni, mkishaingia Bada Danda simu haishiki. Wa kwangu nilimpata saa tatu usiku, nimesimama stesheni pekupeku, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Umekula?"